WASOMAJI WANAULIZA: Red Rocks, ukumbi wa muziki katikati ya mawe mekundu

Mwezi huu barua ni nne na zote zinazunguka sehemu moja. Ya kwanza tuliigusia toleo lililopita, tukasema mwenye swali la kuongezea aongezee, na kweli mmeongezea. Sehemu yenyewe ni Red Rocks, uwanja wa muziki wa wazi ulioko karibu na Denver, jimbo la Colorado huko Marekani. Kwa msiojua, kabla ya kukaa kwenye safu hii nilikuwa fundi mitambo wa bendi za dansi hapa Dar kwa miaka 19, kazi ya kubeba spika, kuvuta nyaya na kubembelezana na wapiga besi. Mwaka 2018 nilienda kumsalimia dada yangu anayeishi Denver na siku ya tatu tu nikamwambia dada twende kule kwenye mawe. Kwaiyo hapa naandika kitu nilichokikalia kwa makalio yangu mwenyewe.

*

SWALI: Ndugu mwandishi shikamoo, ni shikamoo tu mana umri wako siujui. Mimi ni Mkongomani wa Fizi, nimekulia kambini Nyarugusu kule Kigoma, sahivi naishi Aurora, Colorado, na familia yangu. Pasaka iliyopita watu wa kanisa walitupitia saa kumi alfajiri tukaenda ibada ya kuona jua linachomoza, kwenye uwanja wa mawe mekundu unaitwa Red Rocks. Ndugu, niliacha mdomo wazi. Mtoto wangu wa kiume akaniuliza baba hapa nani alijenga, nikakosa jibu. Mmoja akasema Mungu, mwingine akasema wenyeji wa zamani wa Marekani, mwingine akasema ni wafungwa walipigishwa kazi. Naomba historia yake nimweleze mtoto vizuri. Na la pili, mama yangu mzazi magoti yanamsumbua, tulimwacha nyumbani na alilia. Je mwakani anaweza kufika au ndo basi?

JIBU: Kaka marahaba, nimeshavuka 50 kwaiyo naipokea kwa mikono miwili. La mama nitalijibu mwishoni kabisa, usiondoke.

Hao watu watatu waliokujibu, wa kwanza hajakosea, wa pili kapatia nusu, wa wafungwa huyo hapana. Tuanze na wa kwanza. Yale ni mawe ya mchanga, yaani mchanga na kokoto zilizoletwa na mito kutoka kwenye milima ya kale ambayo sahivi haipo tena, ikalika yote ikaisha, na ule mchanga wake ukalaliana ukagandamana, miaka kama milioni 300 iliyopita. Wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu ndani ya mchanga, sawa na wekundu wa udongo wa kwetu. Baadae sana, milima ya Rocky ya sasa ilipoanza kunyanyuka, matabaka yale yaliyokuwa yamelala chali yakainuliwa upande mmoja, ndo mana ukiyaangalia yamekaa kama madaftari yaliyoegeshwa ukutani. Kaskazini lipo linaloitwa Creation Rock, kusini Ship Rock, kila moja linapanda karibu mita 90, na katikati yake kuna mteremko unaoshuka mpaka kwenye jiwe la tatu kule chini. Hapo ndo steji ilipo. Kwaiyo mwanao ukimwambia kuta mbili na mteremko ni kazi ya Mungu utakuwa hujamdanganya.

Wa pili alikuwa anafikiria Wa-Ute nadhani, wenyeji wa milima ile, ambao walikuwa wanaijua sehemu hiyo na kuitumia karne nyingi kabla mzungu hajafika. Wao hawakujenga uwanja, lakini ni ardhi yao, na ukimsimulia mtoto usianze historia na mzungu mwenye hati ya kiwanja.

Huyo mwenye hati ndo anafuata. Anaitwa John Brisben Walker, tajiri wa magazeti, alikuwa na jarida la Cosmopolitan akaliuza mwaka 1905, na hela akaja kuzimwaga kwenye hayo mawe. Alikuwa na ndoto nyingi yule mzee, akajenga mpaka reli ya kupandisha watalii mlimani, ila kilichobaki kwenye historia ni kwamba alisimamisha jukwaa la mbao kati ya mawe na mwaka 1906 akaanza kuleta bendi. Mwaka 1911 akaja Mary Garden, mwimbaji wa opera aliyekuwa na jina kubwa kweli kweli enzi hizo, akaimba pale na akatoka anaisifia sauti ya mahali penyewe. Kumbuka hakuna maikrofoni hapo, hakuna spika, ni kifua cha mtu na mawe. Mimi hiyo habari peke yake inanitosha.

Lakini Walker hela zikamkata. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mji wa Denver ukanunua eneo lile kwa dola 54,133, uwanja ukiwa bado haupo, yaani walinunua mawe na mteremko. Naomba hiyo namba muishike, nitairudia kwa mwalimu wa Mwanza.

Sasa anaingia mtu anaitwa George Cranmer, mkuu wa bustani na maendeleo ya mji, aliyewekwa na meya Benjamin Stapleton kwenye miaka ya 1930. Huyu alishawahi kutembea Sicily kule Italia akaona uwanja wa maigizo wa Wagiriki wa kale pale Taormina, ulioko mlimani unaangalia bahari, na picha ile haikumtoka kichwani. Akasema na sisi tunao mlima wetu. Ubishi ulikuwepo, wapo waliosema mawe yaachwe kama yalivyo. Katikati ya mteremko kulikuwa na majiwe makubwa yaliyoanguka kutoka juu, na inasimuliwa kwamba Cranmer, akiogopa kwamba wakubwa wa serikali kuu wakipata muda wa kufikiri watamkatalia, aliagiza baruti iwekwe chini ya majiwe yote halafu yalipuliwe kwa mpigo mmoja, watakapokuja kuuliza iwe imeshatokea. Mimi naupenda ule uwanja sana ila hapo huwa nasita kumpigia makofi, mana angekosea hesabu tungekuwa tunaongelea shimo.

Waliojenga ni vijana, kaka, na hapa ndo nataka ukae na mwanao umweleze taratibu. Miaka ya 1930 Marekani uchumi ulikuwa umeanguka vibaya, ajira hakuna, baba anakaa nyumbani na vijana wanazurura na treni za mizigo kutafuta kibarua. Rais Roosevelt mwaka 1933 akaanzisha mpango wa kuwachukua vijana wasio na kazi, kuwaweka kambini, kuwalisha, kuwavisha na kuwapa kazi za misitu, barabara na bustani za umma. Ukaitwa CCC, kifupi cha Civilian Conservation Corps. Mshahara dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo kama 25 zinatumwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi, kijana anabaki na 5 za sabuni na sigara. Ndo hao wakapiga kambi hapo Morrison, mji mdogo ulioko chini ya mawe, na kuanzia 1936 mpaka 1941 wakapiga kazi miaka mitano kwa sururu, makoleo, toroli na patasi za kuchongea mawe. Hawakuwa wafungwa, walikuwa watoto wa watu wenye njaa wanaotuma hela kwao, na wewe uliyekulia kambini halafu ukafika huko ukaanza kutuma chochote kwa ndugu nadhani utawaelewa kuliko mimi. Kambi yenyewe ipo mpaka leo na mabanda yake, ni moja ya zile chache za mpango ule zilizobaki zikiwa nzima. Na jambo moja lisifichwe, kambi za mpango huo zilitenganisha vijana weusi na weupe, hiyo nayo ni historia yake.

Mchora ramani alikuwa Burnham Hoyt, mtoto wa Denver, na huyu kwangu mimi ndo fundi mkuu. Mtu akipewa mawe ya vile kishawishi ni kuweka nguzo, sanamu, matao, jina la meya kwa herufi za dhahabu. Hoyt akakataa vyote. Akafuata mteremko ulivyo, akapanga safu 70 za viti kama ngazi, safu ya juu ikiwa mita kama 30 juu ya steji, vyumba vya wasanii akavificha chini, pembeni akaweka masanduku ya mawe akapanda mireteni, mti wa ukoo mmoja na mitarakwa yetu ya milimani. Ukiwa mbali huoni jengo. Tarehe 15 Juni 1941 ukafunguliwa rasmi. Miezi sita baadae Marekani ikaingia vitani, mwaka 1942 mpango wa CCC ukafungwa, na wengi wa vijana wale wakavaa magwanda.

Na ibada yenu ya Pasaka si kitu cha juzi, inafanyika pale tangu 1947.

Siku niliyoenda mimi hakukuwa na shoo. Ndo raha ya pale, uwanja ni mali ya mji, siku isiyo na onyesho geti liko wazi kuanzia kabla jua halijatoka na hulipi hata senti. Tulifika saa moja asubuhi tukakuta watu wanakimbia mazoezi kwenye ngazi, wengine wanaruka safu kwa safu kama vyura, jasho linatiririka. Nikapanda mpaka safu ya 40 na kitu nikakaa, pumzi imeniisha, mana pale ni kama mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, ni juu kuliko Nairobi, na mimi mtu wa Temeke. Kiti ni ubao mrefu uliolazwa juu ya ukuta wa jiwe, ubao umelainika kwa makalio ya watu. Kule chini kwenye steji kulikuwa na mama na mtoto wake, mtoto kafungua chupa ya maji, kizibo kikamponyoka kikaanza kubingirika. Nikakisikia. Kizibo cha plastiki! Halafu nikamsikia mama anamwambia mtoto maneno mawili ya Kispanyola, hakupaza sauti, na mimi niko juu huko na feni yangu mwenyewe ya mapafu inavuma. Miaka 19 nimefunga spika kwenye kumbi ambazo ukisimama mita 20 husikii mwimbaji anasema nini. Nilikaa pale nikawa natikisa kichwa tu, dada yangu akadhani naumwa.

*

SWALI: Sasa mhariri, mimi ni DJ hapa Umoja, Nairobi. Kuna msee ameniambia ati Beatles walishindwa kujaza hiyo Red Rocks, na ati kuna wakati muziki wa rock ulipigwa marufuku hapo kabisa juu ya vurugu. Hizi ni ukweli ama ni stori za jaba?

JIBU: Poa DJ. Zote mbili ni ukweli mtupu.

Beatles walipiga pale tarehe 26 Agosti 1964, dunia nzima ikiwa imechanganyikiwa nao, na tiketi zilizouzwa ni kama 7,000 wakati uwanja unabeba zaidi ya 9,000. Katika ziara yao ile ya Marekani ndo shoo pekee ambayo haikujaa. Tiketi ilikuwa dola 6 na senti 60, na enzi hizo kwa mtoto wa shule hiyo ni hela ya kuomba kwa magoti. Halafu uwanja wenyewe uko nje ya mji, karibu kilometa 25, binti wa miaka 14 anafikaje huko usiku kama mzazi hataki kumpeleka? Mimi nadhani hapo ndo penye jibu.

Ya marufuku ndo nzito. Tarehe 10 Juni 1971 walikuja Jethro Tull kutoka Uingereza, tiketi zikaisha, na watu zaidi ya elfu wasio na tiketi wakafika hivyo hivyo. Polisi wakawaelekeza wakae eneo la nyuma ya uwanja wasikilize kwa mbali. Mwanzo ikawa sawa, baadae wengine wakaanza kulazimisha kuingia, mawe yakarushwa, polisi wakajibu na mabomu ya machozi, mengine yakidondoshwa kutoka kwenye helikopta. Sasa fikiria umbo la mahali penyewe, ni bakuli lenye kuta mbili. Moshi ukaingia, ukashuka na mteremko, ukawakuta waliolipa tiketi zao na wameketi kwa adabu, wengine wana watoto wachanga, ukafika mpaka steji. Kiongozi wa bendi ile Ian Anderson ni mpiga filimbi, kazi yake ni pumzi, na bado alipiga shoo mpaka mwisho macho yanamtiririka, mana wangeshuka jukwaani watu elfu 9 wangekimbilia wapi kwenye ngazi zile? Kwangu mimi huyo aliokoa maisha ya watu usiku ule.

Meya wa Denver, William McNichols, akapiga marufuku shoo za rock pale kwa miaka kama mitano. Wakawa wanaruhusu muziki wa taratibu, wa magitaa makavu. Mimi nishawahi kuvuta moshi huo huo kwenye shoo moja mkoani, nikiwa nimekumbatia mikisa, yaani mitambo ya kuchanganyia sauti, ya watu isije kukanyagwa, na nilichojifunza ni kwamba vurugu nyingi za shoo zinaanzia getini, siyo kwenye ngoma. Ukiuza tiketi vizuri, ukiweka njia ya wasio na tiketi kuondoka kwa heshima, umemaliza nusu ya kazi. Kufungia aina ya muziki ni kumwadhibu mpiga gitaa kwa kosa la mlango.

Na nikuongezee moja DJ, hii hujauliza. Tarehe 5 Juni 1983 U2 walikuwa wamepanga kurekodi shoo yao pale, wakati huo bado hawajawa wakubwa kihivyo, na hela nyingi ilishaingia kwenye kamera. Siku hiyo mvua ikapiga, baridi, ukungu, ikafikia watu wanashauri ifutwe. Wakasema tunapiga. Wakaja watu kama 4,400, chini ya nusu ya uwanja, na ule ukungu ukafunika mawe, mienge ikawashwa juu ya mawe, mvuke unawatoka wasanii midomoni, picha ikatoka ambayo hakuna mtu angeweza kuipanga. Ile video ikazunguka dunia ikawatoa U2 na ikautoa uwanja pia. Baada ya hapo kila msanii akawa anataka kupiga pale. Kuna jarida la biashara ya maonyesho la Marekani, Pollstar, lilikuwa linatoa tuzo ya uwanja bora wa wazi kila mwaka, na Red Rocks ikawa inaibeba mfululizo mpaka ikabidi waitoe kwenye mashindano na tuzo yenyewe waiite jina lake.

*

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Mwanza. Sisi ndio mji wa miamba, kila ukigeuka ni jiwe, lakini tamasha likija tunapelekwa uwanja wa mpira, steji inawekwa golini, sauti inapotea hewani na wafupi hawaoni kitu. Kwanini tusiwe na Red Rocks yetu? Tunakosa nini?

JIBU: Mwalimu swali lako nimelala nalo siku tatu, mana umegusa kidonda changu cha siku nyingi.

Kwanza nikuondoe kwenye mawe. Mawe yenu ni matale, granite, umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2, yaani ni babu wa babu wa yale ya Colorado. Lakini yamekaa kimviringo, yamebebana kama viazi kwenye gunia. Sauti ikigonga kitu cha mviringo inatawanyika pande zote. Yale ya kule ni kuta, marefu na mapana, yamesimama pande mbili na moja nyuma ya msanii, kwaiyo sauti inayotaka kukimbilia pembeni inarudishwa kwa wasikilizaji. Tena hizo kuta haziangaliani sawasawa, zimepanuka kuelekea juu, na dari hakuna, kwaiyo haikai inazunguka zunguka ikaleta mwangwi wa kuchafua maneno. Hiyo bahati ya mawe huwezi kuiiga.

Ila nusu ya siri haiko kwenye mawe, iko kwenye mteremko, na mteremko Mwanza mnao wa kumwaga. Ukiwa kwenye uwanja wa tambarare, sauti inayotoka steji inapita juu ya vichwa, inamezwa na nywele, nguo na miili ya watu wa mbele, mpaka ifike nyuma imekwisha, ndo mana sisi mafundi tunaongeza sauti mpaka wa mbele wanaziba masikio. Kwenye mteremko kila sikio liko juu ya kichwa cha aliye mbele yake, sauti inamfikia kila mtu bila kupita kwa mwenzie, na macho vile vile. Wagiriki walilijua hilo kabla ya umeme. Tafuta kilima chenye tumbo la ndani, kama kiganja ukikikunja, steji chini, upepo uuangalie unatoka wapi jioni, barabara ifike, na nyumba za watu ziwe mbali, mana besi haina adabu inapita ukuta, hata Red Rocks majirani wa Morrison walilalamika mpaka mji ukaweka kikomo cha besi.

Sasa ile namba ya 54,133. Denver walinunua ardhi kabla hawajajua watajenga nini, na wakaishikilia miaka kama 8 mpaka wakapatikana vijana wa kujenga na mtu wa kuchora. Huku kwetu kilima kizuri kikionekana, kesho kimepimwa viwanja, keshokutwa kuna geti na mbwa. Nasema hivi kwa uchungu mwalimu, mana nimeona maeneo mawili hapa Dar ambayo yangetosha kabisa, nilishapiga mpaka hatua za kuhesabu safu, na sahivi ni kuta za matofali. Ukikiona kilima chako andika barua halmashauri kiwekwe kwenye ramani ya mji kama eneo la wazi, hata kama uwanja utajengwa na wajukuu.

Na mfano wa kutumia kilichopo tunao nyumbani. Ngome Kongwe kule Unguja, Waomani waliijenga baada ya kumtoa Mreno mwishoni mwa karne ya 17, ikaja kuwa mpaka jela, na leo ndani yake kuna ngazi za kukalia na jukwaa, Sauti za Busara imekuwa ikipigwa hapo tangu 2004. Kuta za kivita zinafanya kazi ya mawe. Nimewahi kufunga mitambo pale, ukishusha sauti chini kidogo ya ulivyozoea ndo muziki unatoka vizuri zaidi.

Ila usisahau kuwa wazi ni wazi. Red Rocks walikaa bila paa la kudumu la steji mpaka 1988. Na tarehe 21 Juni 2023 watu wamekaa wanasubiri shoo ya Louis Tomlinson, ikashuka mvua ya mawe, barafu kubwa za kupasua vioo vya magari, makumi ya watu wakaumia, wengine mikono imevimba kwa kujikinga kichwa, na 7 wakakimbizwa hospitali. Mahali pa kujificha ni kidogo kwa watu elfu 9. Nyie mna radi za Ziwa Victoria, na hizo si za kuchezea hata kidogo. Ukichora uwanja wako, chora na banda la watu kukimbilia kabla hujachora chumba cha mgeni rasmi.

*

SWALI: Mimi mpenzi wa taarabu asilia hapa Tanga. Je vyombo vyetu, ganuni na fidla na udi, vinaweza kupigwa uwanja kama huo, au ni wa magitaa ya umeme tu?

JIBU: Vinaweza dada, na mimi ningelipa nauli niende kusikiliza. Pale kulianza na bendi za matarumbeta na waimbaji wa opera, okestra zenye fidla kwa makumi zimepiga sana, hata 2020 wakati wa korona uwanja ulipofunguliwa kidogo ni okestra ya Colorado iliyopigia watu 175 tu, kwenye uwanja wa watu 9,525, wamekaa mbalimbali kama wajumbe waliogombana. Na taarabu asilia ni muziki wa kukaa na kusikiliza shairi, pale neno linafika.

Shida itakuwa ganuni. Hewa ya kule ni kavu kupindukia na jua likizama baridi inashuka ghafla, nyuzi zote zile zitataka kuwambwa upya kila baada ya nyimbo mbili, na upepo utapeperusha karatasi za mpiga fidla asiyejua nyimbo kwa kichwa. Vibanio vya nguo, dada, wabebe vibanio vya nguo vya kutosha.

*

Haya kaka wa Aurora, mama. Anaweza kufika. Msimpandishe ngazi, pale kutoka maegesho ya chini zipo karibu 400 na hata mimi zilinishinda nikakaa njiani mara tatu. Viti vya wenye shida ya kutembea vipo safu mbili tu, ya 1 kule mbele kabisa na ya 70 juu kabisa, katikati hakuna. Safu ya 70 inafikika kutokea maegesho ya juu bila kupanda, kwaiyo mkifika waambieni walinzi wa magari mapema kwamba mna mzee wa magoti wawaelekeze huko, na mtoke nyumbani mapema kuliko mlivyotoka mwaka huu mana nafasi za juu zinajaa haraka. Mbebeeni blanketi mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifunika, chai kwenye chupa, na kofia ya sufi. Uwanja unaangalia mashariki, tambarare yote ya Denver iko mbele yake, na jua likitokeza litampata yeye kwanza huko juu kabla halijawashukia nyie wa chini.